Chuo kilimpa nini Vin Scully? Uchambuzi wa kisa cha paa la Fenway

Jumamosi ya tarehe 12 Novemba 1949, kijana wa miaka 21 aitwaye Vin Scully alifika uwanja wa Fenway Park, Boston, kutangaza mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya Chuo Kikuu cha Boston na Maryland. Ilikuwa mechi yake ya kwanza kwa mtandao wa redio wa CBS. Jioni alikuwa na mpango wa kwenda kwenye dansi, na kwa kuwa alijua watangazaji hukaa ndani ya kibanda, koti, kofia na glavu aliziacha hotelini. Kibanda hakikuwapo. Alipandishwa juu ya paa, akapewa kipaza sauti chenye waya mrefu, na mchezo mzima akawa anatembea ukingoni mwa paa akiufuata mpira, huku akitetemeka kwa baridi.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha kuruka kutoka mechi moja hadi nyingine. Mechi kubwa ya siku hiyo ilichezwa New York, Notre Dame dhidi ya North Carolina, lakini Notre Dame walishinda 42–6 na utamu ukaisha mapema. Ile ya Boston ilikaza hadi mwisho, Maryland wakapenya kwa 14–13. Studio ikawa inarudi kwa yule kijana mara kwa mara. Wasikilizaji hawakujua kwamba yuko juu ya paa bila koti, kwa sababu hakuwaambia.

Aliyempeleka Boston ni Red Barber, mkurugenzi wa michezo wa CBS na mtangazaji wa timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers. Barber alizipata habari za paa baadaye, watu wa Boston walipowasiliana naye kuomba radhi kwa mazingira waliyompa mtangazaji wake. Kijana mwenyewe hakuwa amelalamika. Wiki iliyofuata akapewa mechi ya Harvard na Yale, safari hii akiahidiwa kibanda. Kisha Ernie Harwell akaondoka Dodgers kwenda New York Giants, nafasi ikabaki wazi, na Barber akamchukua Scully. Alianza msimu wa 1950, akadumu na timu hiyo misimu 67, hadi 2016. Hakuna mtangazaji mwingine wa michezo aliyekaa na timu moja muda mrefu kiasi hicho.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha uvumilivu. Mimi naona uvumilivu ni sehemu ndogo yake. Mtu anaweza kuistahimili baridi kiume kabisa na bado akatangaza ovyo, akachanganya majina na kusahau matokeo. Kinachonishughulisha ni hiki: kijana aliyetoka chuoni mwaka huohuo alipata wapi uwezo wa kubeba mechi ya kitaifa peke yake, katika hali kama ile, akasikika kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake? Jibu langu ni kwamba kazi hiyo alikwishaifanya mara nyingi mahali ambapo kukosea hakukuwa na gharama, na mahali hapo palikuwa chuo.

Alichokuja nacho

Lakini upendo wenyewe haukutoka shuleni, na si haki kuipa shule sifa isiyo yake. Scully alizaliwa Bronx, New York, tarehe 29 Novemba 1927, katika familia ya Waairishi wahamiaji. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana. Nyumbani kulikuwa na redio kubwa ya mbao yenye miguu minne, na mtoto alikuwa akitambaa chini yake na mto, akisikiliza futiboli ya vyuo vya mbali ambavyo hakuwa na undugu navyo wowote. Katika mahojiano yake ya uzeeni alirudi kwenye jambo hilo kila mara: kilichomteka hakikuwa mchezo wala mtangazaji, ni mngurumo wa watazamaji ukimshukia kutoka juu.

Akiwa na miaka 8, masista waliomfundisha katika shule ya msingi ya Kikatoliki waliwataka watoto waandike insha kuhusu kazi watakazofanya wakikua. Wenzake waliandika udaktari, uanasheria, uuguzi. Yeye aliandika kwamba atakuwa mtangazaji wa michezo.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana watu huipita insha hii kwa tabasamu. Katika New York ya wakati ule kazi hiyo karibu haikuwapo. Kuanzia 1934 hadi 1938 timu tatu za besiboli za jiji, yaani Yankees, Giants na Dodgers, zilikuwa zimekubaliana kutotangaza mechi zao redioni, kwa hofu kwamba watu wangebaki nyumbani na viti vingekaa vitupu. Mkataba huo ulikufa 1939, Dodgers walipomleta Barber huyuhuyu. Mtoto basi alikuwa anaandika kuhusu kazi ambayo mji wake ulikuwa umeifungia mlango. Shule ilimfanyia jambo dogo tu: ilimtaka aiandike. Tamaa iliyokuwa ya kusikia tu ikalazimika kuwa sentensi, na aliyeiandika ikabidi aisimamie.

Kuna tukio jingine la umri huohuo. Tarehe 2 Oktoba 1936, akitoka shule, aliona kwenye dirisha la duka la kufulia nguo matokeo ya mchezo wa pili wa fainali za World Series: Yankees 18, Giants 4. Aliwaonea huruma Giants, akawa shabiki wao, na kwa kuwa uwanja wao wa Polo Grounds haukuwa mbali, baada ya masomo alikwenda huko kutazama. Ushabiki wake ulianza kwa huruma kwa aliyefungwa. Ukisikiliza rekodi zake za baadaye utaona kwamba alikuwa akilipwa na Dodgers, lakini mpinzani akifanya jambo zuri alilisimulia kwa heshima ileile. Mchezo wake wa mwisho kabisa aliutangaza tarehe 2 Oktoba 2016 huko San Francisco, Dodgers dhidi ya Giants haohao, miaka 80 kamili baadaye.

Redio ya mwaka 1947

Alisoma sekondari ya Fordham Prep, kisha Chuo Kikuu cha Fordham, vyote vya mapadri Wajesuti na vyote Bronx. Katikati ya masomo aliitumikia jeshi la majini. Elimu ya Wajesuti ilikuwa na desturi ya zamani, tangu mwongozo wao wa masomo wa 1599, ya kumfundisha mwanafunzi ufasaha: kusema vizuri, kuandika vizuri, na kuwa na jambo la kusema. Hakuna somo la utangazaji wa michezo ndani ya desturi hiyo. Kuna kusoma kwa sauti, kutunga, kutoa hoja, kuzingatia kituo na pumzi. Naamini sentensi za Scully, ambazo zilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho hata mpira ukiwa hewani, zilianzia huko.

Oktoba 1947 chuo kilifungua kituo cha redio cha FM, WFUV. Scully alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza walioingia. Alitangaza besiboli, mpira wa kikapu na futiboli ya chuo. Nje ya redio aliandika habari za michezo katika gazeti la wanafunzi, The Fordham Ram, akaimba katika kikundi cha sauti nne, na akacheza besiboli katika timu ya chuo kama mlinzi wa katikati ya uwanja wa nje. Alipenda kukumbusha kwamba aliwahi kucheza dhidi ya Yale ambako beisi ya kwanza ilishikwa na George H. W. Bush, rais wa baadaye wa Marekani, na kwamba siku hiyo wote wawili hawakupiga hata mpira mmoja wa maana.

Ukiitazama orodha hiyo ya shughuli utaona kijana asiyetulia. Nikiitazama mimi naona kazi moja iliyogawanywa vipande. Gazeti humfundisha mtu kuuliza na kuhakiki jina kabla ya kulitaja. Kuimba sauti nne hufundisha kusikiliza wenzako kabla ya kufungua kinywa. Kucheza hufundisha kwamba mchezaji aliyekosea yuko pale mbele ya watu na ana moyo. Redio inakuja kuviunganisha. Chuo hakikupanga hivyo. Kilichofanya ni kuacha milango yote wazi kwa mwanafunzi mmoja kwa wakati mmoja, na hilo ni gumu kuliko kuanzisha kozi.

Kuhusu kituo chenyewe, udogo wake ndio uliokuwa faida. Mwaka 1947 FM ilikuwa bado changa, nyumba nyingi hazikuwa na redio za kuipokea. Mwanafunzi aliyekuwa akitangaza mechi ya Fordham hakuwa na sababu ya kuogopa kwamba taifa linamsikia. Angeweza kujaribu kasi moja leo na nyingine wiki ijayo. Angeweza kutafuta wapi sauti yake inapaa na wapi inakauka. Na wachezaji aliowatangaza walikuwa wenzake wa bwenini na darasani, watu ambao angekutana nao kesho yake kwenye ngazi, kwa hiyo kuwakejeli kusingekuwa na maana.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitiliwa uzito unaostahili. Timu ya futiboli ya Fordham iliwahi kuwa tishio miaka ya 1930, lakini vita viliisimamisha, na iliporejea 1946 ilifungwa mechi zote 7. Misimu iliyofuata ilikuwa ya kujikongoja. Scully basi alijifunza kazi kwa kutangaza timu dhaifu. Ushindi hujitangaza wenyewe, hata mtangazaji mbovu husikika vizuri timu ikifunga. Kutangaza kipigo kwa saa mbili bila kumfukuza msikilizaji ndiko kunakodai akili: inabidi utafute mchezaji mmoja anayepambana, historia fupi ya mtu fulani, badiliko la upepo, chochote cha kweli kitakachomfanya mtu abaki. Uwezo uliomfanya Scully kuwa Scully, ule wa kusimulia maisha ya mchezaji katikati ya mipira miwili, ni uwezo wa mtu aliyewahi kuwa na mchezo usio na utamu na muda mwingi wa kuujaza.

Alipohitimu 1949 alituma barua kwa vituo zaidi ya 100 vya pwani ya mashariki. Alipata nafasi moja tu ya muda, majira ya joto katika WTOP ya Washington, kituo kilichohusiana na CBS. Kwa njia hiyo akafika mlangoni kwa Barber, wakazungumza kwa ufupi, akarudi nyumbani bila ahadi. Simu ya Boston ilipokuja, aliyeipokea ni mama yake, na mama alimwambia kwamba Red Skelton amepiga. Skelton alikuwa mchekeshaji maarufu. Jina la Barber halikuwa limefika katika nyumba ile kwa uzito huo.

Mkono wa Barber

Barber naye alitoka kwenye redio ya chuo. Mwaka 1930, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Florida, alijikuta mbele ya kipaza sauti cha WRUF, redio ya chuo, akisoma kwa niaba ya mhadhiri aliyekosekana makala ya kitaalamu kuhusu uzazi wa ng'ombe. Mtu aliyeanza hivyo anajua kwamba redio ya chuo huzaa watu kwa ajali na kwa nafasi. Sishangai kwamba alimtuma Boston kijana ambaye ushahidi wake mkubwa ulikuwa redio ya chuo na majira moja ya joto.

Lakini Barber ndiye aliyemnyoosha. Alimtaka afike uwanjani mapema. Alimtaka ajue sababu ya kila badiliko, asiridhike na kulitaja tu. Yeye mwenyewe aliweka mezani saa ndogo ya mchanga, ya kupimia mayai yanayochemka, iliyomkumbusha kutaja matokeo kila baada ya dakika chache, maana daima kuna msikilizaji aliyefungua redio sasa hivi. Sisi tuliolelewa na mpira wa redioni tunaijua adha ya kungoja dakika kumi mtangazaji ataje nani anaongoza. Na alimpa shauri ambalo Scully alilitaja maisha yake yote: asiwasikilize watangazaji wengine, kwa sababu kitu pekee ambacho hakuna mwingine anaweza kukileta kibandani ni nafsi yake.

Shauri hilo lina sharti. Huwezi kumwambia mtu alete nafsi yake kama hajapata mahali pa kuitafuta. Kijana aliyekuja moja kwa moja kutoka darasani angeitikia kwa kumwiga Barber, na Marekani ilikuwa imejaa waigaji wake. Scully alikuwa tayari na miaka miwili hivi ya kujisikia mwenyewe akitangaza. Kwa hiyo shauri lilipata pa kukaa. Mwaka 1953, baada ya Barber kukataa malipo aliyopewa kwa fainali za World Series, Scully alizitangaza akiwa na miaka 25, mdogo kuliko mtangazaji yeyote kabla yake. Msimu uliofuata Barber alihamia Yankees.

Ushahidi wa kazi yenyewe

Dodgers walihamia Los Angeles 1958, na huko watu walianza kuja uwanjani na redio zao ndogo za mkononi ili wamsikie Scully akiwaeleza mchezo wanaouona kwa macho yao. Mwaka 1960 aliwaomba wamwimbie mwamuzi Frank Secory wimbo wa kumtakia heri ya kuzaliwa, na uwanja mzima ukaimba.

Tarehe 9 Septemba 1965 Sandy Koufax, mrushaji mpira wa Dodgers, aliwatoa wapigaji 27 wa Chicago Cubs mfululizo, hakuna hata mmoja aliyefika beisi. Katika sehemu ya mwisho Scully alikuwa akitaja saa ilivyo, akataja tarehe, akasema kuna watu 29,000 uwanjani na vipepeo milioni moja. Alikuwa anamwachia Koufax rekodi ya kutunza. Nimeisikiliza rekodi ile mara nyingi na kila mara nasikia mwandishi wa gazeti la wanafunzi: nani, wapi, lini, saa ngapi, kisha picha moja tu, na inatosha.

Tarehe 8 Aprili 1974, mjini Atlanta, Hank Aaron alipiga pigo lake la 715 la kuvuka uzio na kuipita rekodi ya Babe Ruth. Scully alitangaza mpira ukienda, kisha akainuka, akaenda nyuma ya kibanda, akaacha watazamaji wapige kelele. Aliporudi alisema mtu mweusi anashangiliwa kwa kusimamiwa katika Kusini ya Marekani kwa kuvunja rekodi ya kipenzi cha mchezo huo. Kwa watu waliojua Aaron alivyokuwa akitumiwa barua za chuki na vitisho, ndiyo maneno yaliyohitajika. Tarehe 15 Oktoba 1988, Kirk Gibson alipoipa Dodgers ushindi kwa pigo moja huku miguu yake ikiwa imeumia, Scully alinyamaza tena kwa zaidi ya dakika moja kabla ya kusema kwamba katika mwaka uliojaa yasiyotarajiwa, lisilowezekana limetokea.

Kunyamaza huko hakukutoka chuoni. Kulitoka kwa mtoto aliyeupenda mngurumo wa watazamaji kuliko maneno. Ila kujua maneno gani yafuate baada ya ukimya, na yawe machache kiasi gani, hilo ni la ufasaha, na ufasaha ulifundishwa.

Hoja hii inapopungua

Mtu anaweza kuniambia kwamba bila paa la Fenway, bila Notre Dame kushinda kwa mabao mengi, bila Harwell kuhama, huenda tusingelijua jina hili. Nakubali, bahati ilifanya kazi kubwa. Lakini bahati ileile ingemfikia asiyejiandaa na kumpita. Na Scully hayuko peke yake: mwaka huohuo wa 1947 Chuo Kikuu cha Syracuse kilifungua redio yake ya WAER, na kwa Syracuse wamepita watangazaji wa michezo Marv Albert, Bob Costas na Mike Tirico. Kwa Fordham wamepita pia Mike Breen na Michael Kay. Vyuo viwili vya mkoa mmoja vikitoa watu wa kiwango hiki kwa vizazi, huwezi kusema ni hadithi ya kipaji cha mtu mmoja.

Upungufu wa kweli wa hoja yangu uko kwingine. Mahali hapa pa kujaribia palikuwa pa baadhi ya watu. Scully alipokuwa akitangaza WFUV, Chuo cha Fordham pale Rose Hill kilipokea wavulana tu. Chuo dada cha wanawake, Thomas More, kilifunguliwa hapohapo 1964, na wasichana wakaingia Chuo cha Fordham chenyewe 1974, miaka 27 baada ya redio kuanza. Kwa hiyo ninaposema chuo kilimtengeneza Scully, nazungumzia kipaza sauti kilichowekwa mbele ya vijana waliokuwa tayari ndani ya geti. Sauti ngapi za nje ya geti hilo zingefika Dodgers, CBS au kwingine, kisa hiki hakiwezi kutuonyesha.